Kifo cha Mjomba Damas Kwenye WhatsApp

Jumatatu, 2 Juni 2025
Salamu katika jina la Bwana, shajara yangu. Uliamkaje? Baridi haikusumbui? Mimi mwili mzima, roho ndiyo imechoka.

Nafundisha Kiingereza parokiani, hapa Panda. Kiingereza changu nilikiokota Ndola, ng'ambo ya mpaka, nikiuza vitenge, lakini ni kizuri. Mupe Ruffin, padri wetu, ametaka tujadili hadithi kwenye kundi la WhatsApp. Pentekoste atalifungua kundi letu mwenyewe. Akikuta kimya, chumba changu cha kufundishia anapewa mwalimu mwenzangu Zéphirin. Zéphirin! Anayevaa tai hata akienda kuchota maji!

Nimetuma hadithi ya mzee na theluji. Nikauliza: mwandishi anasikia nini moyoni? Majibu: vidole gumba vitatu na "Amina" moja. Mwanafunzi wangu Pitshou ametangaza makaa anayouza.

Jumanne, 3 Juni
Kundi la Zéphirin linapiga kelele mchana kutwa. Ananunulia watu mega za intaneti. Hiyo ni fasihi?

Nimesali rozari. Jibu limekuja kwenye fumbo la tatu: theluji iko mbali mno! Nitunge hadithi ya hapa hapa.

Jumatano, 4 Juni
Nimetunga! Kwa Kiingereza, na nafsi ya kwanza, kama waandishi wakubwa: "Mjomba Damas, mvuvi wa ziwa Tshangalele, ametutoka. Nyumba yetu imekuwa giza." Jina nimeazima kwa mjomba wa mke wangu Arlette. Yeye ni mzima, anakula bukari, ugali wa watu watatu. Mwishoni nikauliza: mnasikia nini?

Ee Mungu! Wote wamejibu! Mama Émérence, muuza samaki, ameandika mistari sita ya huzuni. Pitshou ameacha makaa, akauliza mwili uko wapi. Swali zito namna hiyo! Nikamjibu: majini. Wakalia zaidi. Nalala na furaha.

Ijumaa, 6 Juni
Nimerudi kutoka misa. Turubai uani kwangu! Viti, moto, wanawake kwenye mikeka. Mama Émérence na mfuko wa unga kichwani. Arlette chini, anamlilia mjomba wake.

Nimemvuta nyuma ya jiko, nikamweleza. Akafuta machozi. Akaniambia weye iko mupumbafu, Panda muzima iko mu lupango yetu, utabaambia nini?

Kweli, ua umejaa, niwaambie nini? Mtu anapofiwa, watu wanakuja. Ndivyo tulivyolelewa. Na kundini wanaendelea kuandika, Kiingereza safi! Nimeamua kungoja mpaka Mupe asome. Siku mbili tu. Bwana anisamehe.

Jumamosi, 7 Juni
Damas amefika. Kwa pikipiki, na samaki. Kasikia njiani kuna kilio kwetu, hakuambiwa cha nani. Nikamnong'oneza: ni mtu wa hadithi. Akasema basi tumulilie vizuri, akakaa karibu na sufuria, akala mara mbili.

Kisha Zéphirin, na tai nyeusi. Akaomba kirefu kwa Kiingereza, macho juu. Alipomaliza akampa Damas mkono, akauliza papa, weye ni nani kwa marehemu?

Damas, mdomo umejaa: minye Damas.

Mama Émérence akainuka polepole. Akasema mwalimu, minye nililia kwa Kiingereza! Siku tatu nilitafuta maneno! Akabeba unga wake, akaenda. Wengine nyuma yake, na turubai.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste
Siku ya kushukiwa na lugha. Mupe amesoma kundi lote. Amesema hajaona Kiingereza kinachotoka moyoni namna hiyo. Kisha, maana habari za Damas zilikuwa zimemfikia, akampa Zéphirin ufunguo wa chumba. Akaniambia chumba kitarudi siku wanafunzi watakapoomba wenyewe, na kwamba lazima nijifunze kitu. Nimeungama, nimelia, nimejifunza.

Jumatatu, 9 Juni
Nimewaomba radhi kundini. Hakuna hata kidole gumba.

Nimefikiri usiku kucha. Kosa langu nimeliona: kifo! Kifo kinaleta turubai. Furaha hailetei mtu turubai. Asubuhi nimetunga nyingine, nafsi ya kwanza tena, tamu kabisa: "Mke wangu Arlette amejifungua mapacha. Nyumba yetu ina nuru." Arlette yuko sokoni, hajui.

Nimemalizia hivi: wapendwa, mnasikia nini? Tafadhali mnijibu upesi.