Mdomo wa Kapteni Kishindo

Jumatatu, 3 Machi

Kazi nimepata! Kuanzia leo mimi ndiye sauti ya Kapteni Kishindo, shujaa anayepasua kuta kwa kifua. Kwaheri kutangaza punguzo la sabuni kwenye vipaza sauti vya duka kuu. Kwaheri "wateja wetu wapendwa". Filamu imetolewa kwenye vitabu vya katuni, na studio yetu ndiyo inayoitia sauti za Kiswahili. Mwenye studio tunamwita Mama Kimya, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni.

Alinieleza mambo bila kuzunguka. Ijumaa wenye filamu watakuja kuitazama pamoja na wageni waalikwa. Wakiipenda sauti yangu, Kapteni ni wangu kwenye filamu ya pili na zote zitakazofuata. Wasipoipenda, njia ya kurudi kwenye sabuni naijua.

Kwenye sabuni sirudi. Afadhali nife nikiwa shujaa.

Doa moja tu. Shemeji, mdogo wake mke wangu, yule aliyekuja kwetu kulala siku mbili na sasa kochi limeshika umbo lake, naye kapata kazi humo humo. Atakuwa Profesa Kutu, adui wa Kapteni. Nikauliza ni nani aliyemwambia kuna usaili. Mke wangu akasema ni yeye, na akaendelea kukunja nguo. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua siri ya kazi hii.

Kapteni ni mtu wa maneno. Anapiga ngumi, anatania, anapiga tena. Tatizo ni kwamba utani wenyewe ukifika kwenye Kiswahili unafika maiti. Kuna mahali anamrusha jambazi dirishani kisha anamwambia kuwa tikiti yake ni ya kwenda tu. Mtafsiri anaapa kwamba kwa lugha ya wenyewe watu huvunjika mbavu. Kwetu hakuna aliyevunjika hata ukucha.

Sasa siri. Kapteni anavaa barakoa kuanzia kipaji cha uso hadi kidevu. Mdomo hauonekani! Shemeji maskini anahangaika na midomo ya Profesa Kutu, mipana kama mlango wa gereji, na kila Profesa akifumba lazima naye afumbe. Mimi? Mimi naweza kusema lolote, mradi nimalize kabla Kapteni hajapigwa.

Nikaanza pale pale. Jambazi alipopita dirishani, nikamwambia mlango ulikuwepo, ni pupa yake tu. Fundi wa sauti alicheka mpaka akavua vipokea sauti vyake vya masikioni. Mama Kimya hakucheka. Alisema utani si mbaya, ila mimi nacheka kabla sijaumaliza, na shujaa hachekelei maneno yake mwenyewe kama mjomba aliyepewa kipaza sauti harusini. Tena nasema kama mtu aliyekaa, wakati Kapteni yuko vitani.

Wivu huo. Ila hilo la vita nitalifanyia kazi.

Jumatano, 5 Machi

Ulimi umevimba. Naandika kwa uchungu, ingawa siandiki kwa ulimi.

Jana jioni niliamua kufanya mazoezi. Mtu anayetania huku akipigwa lazima apigwe kwanza. Nikamwomba mke wangu anipige na mto huku mimi nikitoa utani wangu. Akasema ana nguo za kufua. Shemeji akajitolea kabla sijamaliza kueleza. Akachagua ule mto wa pamba kuukuu, mgumu kuliko maisha. Utani ulifika nusu ya njia. Ulimi ukabaki katikati ya meno.

Leo Kapteni Kishindo alizungumza kama mtu aliyeweka kiazi cha moto mdomoni. Mama Kimya akasema nipumzike, vipande vya leo Shemeji atanishikia. Kwa muda tu, akasema. Hiyo "kwa muda tu" naijua vizuri. Ndiyo hiyo hiyo iliyomfikisha kwenye kochi langu.

Nikapata akili. Nikamvuta Shemeji pembeni na kumpa ushauri wa kumzika. Nilimwambia utani wa shujaa husomwa polepole, bila tabasamu, kwa sauti ya karani anayekwambia urudi kesho. Alinishukuru. Aliniita kaka. Nikakaa nyuma ya kioo kusubiri aibu yake.

Akasoma hivyo hivyo. Kwa majaribio alipewa ule ule mstari wa tikiti ya kwenda tu, uliokuwa maiti kwangu. Akausoma kavu, bila haraka. Fundi wa sauti alianguka kutoka kwenye stuli. Mama Kimya alicheka na kusahau kujinyamazisha.

Nimempigia mbuzi gitaa, na mbuzi kacheza kunishinda.

Alhamisi, 6 Machi

Ulimi umepona. Kapteni amerudi kwa mwenyewe.

Leo tumefika kifo cha mama yake. Mama yuko kitandani hospitalini, Kapteni amemshika mkono, na hasemi kitu. Kimya kirefu, unaweza kuchemsha chai humo. Nikamuuliza Mama Kimya ni nani aliyesahau kuandika maneno. Akasema hakuna aliyesahau, mtoto wa watu ana msiba. Nikamwambia watu hawanunui tikiti kuja kusikiliza ukimya, na kwamba mfiwa mwenye ucheshi huwafariji wengine. Akanijibu kwa neno lake.

Adhuhuri akaenda kwa daktari wa meno. Bahati iliyoje! Nikamnunulia fundi wa sauti pakiti ya biskuti na kumwambia Mama Kimya amekubali, ila anaona haya kusema. Fundi alinitazama, akatazama biskuti, akawasha mitambo. Nikamimina utani wote niliokuwa nao, safari hii bila kujichekea. Fundi akauliza kama sitaki kwanza kutazama kipande chote hadi mwisho. Nikamwambia majonzi nayajua, hayana mwisho.

Kesho Shemeji atajua nani ni Kapteni na nani ni mgeni.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Wenye filamu safu ya mbele, nyuma yao familia na watoto. Mke wangu alivaa hereni zake za sherehe. Mwanzo ulikwenda vizuri. Kwenye utani wangu wa dirisha watu walicheka, na mimi nikahesabu: walicheka zaidi kuliko kwa Profesa.

Ikafika hospitali. Mkono wa mama ukalegea. Ukumbi mzima kimya, mwanamke mmoja nyuma yangu akivuta pua. Ndipo sauti yangu ikasikika, wazi kabisa, ikimuuliza marehemu funguo za nyumba kaziweka wapi.

Mtu mmoja akashika moyo. Hilo nililitarajia. Ambalo sikulitarajia ni kwamba Kapteni alinyanyua mkono na kuvua barakoa. Uso mzima, ukubwa wa ukuta! Midomo imefumbwa kabisa, machozi yanateremka. Na sauti yangu inaendelea kumuuliza mama kuhusu sufuria aliyomwazima jirani, kama inarudi au tuihesabu kwenye urithi.

Mtoto mmoja akamuuliza baba yake kwa sauti ni nani anayeongea. Baba akasema labda ni marehemu. Hapo ukumbi ukapasuka. Watu walicheka wakashikana, wengine wakapiga viti. Nilidhani ni ushindi. Nikasimama, nikainama kushukuru.

Kisha nikaona safu ya mbele. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao alikuwa amejifunika uso kwa mkoba. Mama Kimya alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniambia ninyamaze. Alingoja mlangoni akanieleza taratibu kwamba Kapteni atakuwa Shemeji, kipande cha hospitali kitarekodiwa upya, na mimi nisisumbuke kuja Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda duka kuu kuulizia sabuni. Meneja alinipokea vizuri. Akasema nafasi imeshachukuliwa na mpwa wake, na msichana anatangaza vizuri, hana mbwembwe. Nikamsikia mwenyewe juu ya rafu za mafuta, akisema wateja wetu wapendwa. Iliniuma kuliko nilivyodhani.

Nyumbani Shemeji hakunisimanga. Angenisimanga ningepata la kumjibu. Alinioshea vyombo, akazima redio mapema, akanipisha kwenye kochi lake. Lake! Mke wangu akaniambia jana alilia kwelikweli pale mama alipokata roho, mpaka nilipofungua mdomo. Nikamuuliza, tukiacha hilo, je, la sufuria alilionaje. Akaenda kulala.

Jumatatu, 10 Machi

Simu ya Mama Kimya asubuhi. Sauti kavu. Nije mara moja, kwa kazi moja tu.

Kumbe Shemeji hawezi kulia. Kipande kile hakina neno hata moja, lakini kinahitaji pumzi na kwikwi za mtu aliyefiwa. Shemeji ana uso wa karani na kwikwi zake pia ni za karani. Walimletea kitunguu, akapiga chafya. Walimwambia amfikirie mama yake, akasema yuko salama, wameongea juzi. Wenye filamu wanataka kazi yao leo.

Nikasimama mbele ya kipaza sauti. Taa ikawaka. Kapteni akamshika mama yake mkono, na mimi nikamtazama Kapteni. Nikaona anavyokwenda zake. Kesho atakuwa mdomoni mwa mtu mwingine, na mimi sina hata sabuni. Sauti ikatoka ambayo sikujua ninayo, ndogo, ya kitoto, kisha kubwa. Sikusema neno. Barakoa ilipovuliwa, nilikuwa nimeshika stendi ya kipaza sauti kwa mikono miwili.

Taa ikazimika. Fundi wa sauti alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati. Shemeji akaja akanishika bega, akaniomba radhi kwa habari ya mto. Akasema alipiga kwa nguvu kidogo. Nikamsamehe, nikiwa bado nalia.

Mama Kimya alikwenda nje kuwasikilizisha wenye filamu kwa simu. Akarudi, akasema wamekubali: huyo sasa ndiye Kapteni. Nafasi ni yangu tena, filamu hii na ya pili, kwa sharti moja: nisiongeze hata neno moja ambalo halikuandikwa. Nikaapa mbele ya wote. Shemeji anarudi kuwa Profesa Kutu, na akanipongeza kwa moyo mweupe, jambo linalonitia wasiwasi.

Jumanne, 11 Machi

Nimekuwa mtu mwingine. Nimeelewa kwamba ukimya nao una maneno yake. Asubuhi nimekunywa chai bila kumtania mtu, mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Mchana nimepewa maneno ya filamu ya pili. Kapteni anaoa! Harusi kubwa, mji mzima umehudhuria. Mfungishaji ndoa anamuuliza kama amekubali, na imeandikwa kwamba Kapteni ananyamaza kwa muda mrefu, kisha anaitikia kwa kichwa.

Kwa kichwa. Kwa muda mrefu.

Lakini mimi si yule wa wiki iliyopita. Nimejifunza. Safari hii nimemwomba fundi anionyeshe kipande chote hadi mwisho, na nimekitazama mara mbili. Barakoa haivuliwi. Na mama mkwe amekaa safu ya mbele, kofia kubwa, na hakuna aliyemwambia lolote.

Biskuti nimeshanunua.