Yeriko Isisomwe Msimu wa Kumbikumbi

Buteba, Busia
4 Novemba

Kwa Mzee Osinya,
Mwenyekiti wa Kamati ya Sande Skul.

Mzee wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, kwa mikono yote miwili. Natumaini mguu umepata nafuu na Mama amemaliza kung'oa karanga. Sisi huku tuko wazima, isipokuwa jambo moja ambalo limenikosesha hamu ya chai.

Mimi ni Phiona, mama yake Emoit, yule mtoto wa miaka saba ambaye juzi kamati yako ilimfuta kwenye orodha ya watoto watakaosimama mbele Jumapili ya Mavuno. Alikuwa amepewa ule mstari wa Mhubiri wa habari za majira. Mzee, ameukariri mpaka nadhani mbuzi wetu wanaujua. Shati limeshashonwa. Bibi yake anatoka Merikit kwa boda, na huyo ni mama ambaye hapandi boda hata akiugua. Sasa nimwambie nini?

Nimekaa, nimefikiri, nimeona kosa si la Emoit. Kosa ni la ratiba. Ile ratiba iliyobandikwa mlangoni, mwalimu Selpher aliinakili kutoka kitabu cha mgeni wa nchi za mbali, na huko mbali wana majira yao. Sisi Mungu alitupa ya kwetu. Mimi sikusoma sana, niliishia la saba, lakini mwaka wa shamba naujua. Kwa hiyo naleta malalamiko kwa namba, ili kamati isichoke.

1. Januari ilipangwa theluji. Watoto walifundishwa kwamba mtu akisamehewa dhambi anakuwa mweupe kama theluji. Fundisho zuri, hata mimi nilisema amina. Lakini Januari kwetu ni vumbi, na theluji ya karibu iko ndani ya friji ya soda dukani kwa Anjeline, kule ng'ambo upande wa Kenya. Jumanne moja nilivuka na Emoit kununua sabuni. Kugeuka hivi, mtoto amefungua friji, kichwa kiko ndani mpaka mabega. Anjeline akapiga kelele, "Wewe! Unatafuta nini humo?" Emoit akajibu kwa adabu kwamba aliiba sukari ya mama, anaomba dakika tano tu. Anjeline alicheka mpaka akakaa chini. Mafua tulikaa nayo wiki mbili. Na sukari, mimi nilikuwa namshuku baba yake.

2. Aprili ilipangwa Nuhu. Mzee, Aprili! Mto umejaa, njia zimekatika, halafu mtoto anaambiwa iko siku mvua ilinyesha na haikuacha. Nilirudi kutoka shamba nikakuta ndani ya nyumba mbuzi wawili, bata wawili, paka wawili (mmoja sijui wa nani), na kuku wawili juu ya kitanda changu. Emoit alikuwa mlangoni. Mimi aliniruhusu. Baba yake alipofika amelowa, akaambiwa abaki nje kwa sababu mwanamume mmoja yuko ndani tayari, yaani yeye Emoit.

3. Julai ilipangwa Ruthu, wakati watu wanavuna ulezi. Hapa nilijua tuko salama, maana Ruthu ni mtu mpole. Watoto kumi na wanne wakaenda shambani kwa Mama Athieno, wakafuata wavunaji wakiokota masuke. Kuokota si dhambi. Tatizo ni kwamba wavunaji walikuwa wazee wawili wenye migongo mibovu, na watoto wakawapita. Mama Athieno anasema siku ile aliyeokota masazo alikuwa yeye.

4. Sasa nafika Yeriko, ambayo ndiyo iliyoleta kesi. Wewe mwenyewe unajua kwamba hapa kwetu kichuguu kina mwenyewe kama vile ng'ombe ana mwenyewe, na kile cha Mzee Owori aliachiwa na baba yake. Unajua pia kwamba msimu huu mtu anapiga ngoma kando ya kichuguu, kumbikumbi wanadhani ni mvua, wanatoka. Basi ni nani aliyeona vizuri kwamba mwezi huo huo watoto wafundishwe kuzunguka kitu mara saba kwa makelele?

Jumatatu wakatafuta Yeriko. Buteba nzima hatuna ukuta wa maana, lakini kichuguu cha Mzee Owori kinampita mtu mzima. Wakakizunguka na madebe, na masufuria yangu mawili, Emoit mbele. Mara ya saba wakapiga kelele zote. Ukuta haukuanguka. Kumbikumbi wakatoka, mchana kweupe, siku tatu kabla ya siku ambayo Mzee Owori alikuwa amejipangia. Watoto hawakuwa wamebeba vikapu, kwa hiyo walitumia midomo.

Mzee Owori akaja mbio. "Nyinyi wezi! Hiki ni kichuguu cha baba yangu!" Emoit akamwambia asiogope, yeye na watu wake wote wataokolewa, ila afunge kamba nyekundu dirishani, kama yule mama wa Yeriko aliyeokolewa. Hapo ndipo Mzee Owori alipokuja kwako na fimbo.

Nauliza kwa heshima: kama wangesoma Yeriko mwezi wa Februari, kile kichuguu kingetoa nini? Vumbi.

5. Kwa hiyo napendekeza kila habari isomwe katika mwezi ambao haiwezi kutendeka. Nilichukua daftari la Emoit nikajaribu kupanga. Nuhu, Februari, maana hakuna maji. Ruthu, Februari, maana hakuna ulezi. Yeriko nimeshasema. Theluji pia Februari, umeme unapotea sana na friji ya Anjeline inakuwa moto kama chungu. Mwishowe Biblia nzima iliingia Februari, kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo. Najua ina Jumapili nne tu. Watoto waamke mapema.

Miezi kumi na moja inayobaki, niliandika wafundishwe kutii wazazi tu. Halafu nikamkumbuka Isaka, alivyomtii baba yake wakapanda mlima na kuni, nikafuta haraka. Nimetafuta sana sehemu ambayo haina mnyama, maji, chakula, moto wala ukuta, nikapata moja: zile salamu ambazo Paulo anaweka mwisho wa barua zake. Humo mtu anamsalimu fulani, fulani anamsalimu fulani, hakuna kitu kinachovunjika. Wasome hizo. Pale penye busu, mwalimu aparuke.

6. Naomba Emoit arudishwe kwenye orodha. Mzee, wako watoto wanaolala Sande Skul tangu wabatizwe, hawajawahi kuzunguka hata mti, na majina yao yako pale. Wangu kosa lake ni kwamba anasikiliza. Huyu mtoto akiambiwa kitu cha Mungu, anaenda kukifanya. Mimi kama mama yake naogopa, lakini pia, nisikudanganye, usiku nikimfunika blanketi nafurahi.

Nisalimie Mama. Nisalimie mwalimu Selpher, sina ubaya naye. Nisalimie kamati yote, na aliyeshika kalamu akafuta jina msalimie pia, huyo mara mbili.

Anayekuheshimu kama baba,
Phiona, mama Emoit

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii, Mzee Owori ameingia hapa kwangu, bila fimbo. Ameleta bakuli la kumbikumbi wa kukaanga, limefunikwa jani la ndizi. Anasema kichuguu chake cha pili, kile cha karibu na kisima, huu ni mwaka wa tatu hakitoi kitu, na yeye amepiga ngoma mpaka mikono imevimba. Anauliza kama wale watoto wana nafasi Alhamisi. Kesi amesema ameifuta, na Jumapili ya Mavuno anataka kukaa benchi la mbele, karibu na Emoit.

Kwa hiyo, Mzee, namba moja hadi tano tafadhali usizisome. Ratiba iko sawa kabisa. Yeriko isiguswe, na kamati ikiona vyema, irudiwe Jumapili hii, na tarumbeta ziongezwe.

Nimemsindikiza Mzee Owori mpaka kwake. Dirishani amefunga kamba nyekundu.