Mkono wa Getnet Mwezi wa Mfungo

Jumanne, Megabiti 3

Siku ya pili ya mfungo mkuu. Hakuna nyama, maziwa wala mayai mpaka Pasaka. Mimi naweza. Nimeumbwa imara.

Leo Tirunesh, binti wa afya, kapita na utepe wake wa rangi tatu wa kupimia mikono ya watoto. Getnet wangu, mwaka na nusu, mtoto mzuri kuliko wote hapa kijijini (sisemi mimi, wanasema watu), mkono wake ukaangukia njano. Nikashangilia. Rangi ya maua ya sikukuu ya Meskeli! Tirunesh akasema, mama Getnet, acha kushangilia, njano maana yake mtoto anapungua, na ikifika nyekundu tunampeleka hospitali.

Mtoto wa jirani yangu Zenebech: kijani. Zenebech akatabasamu. Lile tabasamu lake!

Tirunesh atarudi tarehe 24. Tutaonana.

Alhamisi, Megabiti 5

Dawa ya Tirunesh: yai moja kila siku. Mayai ninayo, kikapu kizima, yanangoja wageni wa Pasaka. Lakini chungu ni kimoja! Yai likiingia humo, mfungo wa nyumba nzima umeharibika. Padri anasema watoto wadogo hawafungi. Sawa, mtoto hafungi. Chungu kinafunga! Mama mkwe kasema siku nitakayopika yai kwenye chungu chake, nitahama nacho.

Getnet kala mkate wa enjera na shiro, mchuzi wa unga wa dengu, na kahawa kidogo ya kumchangamsha.

Jumanne, Megabiti 10

Nilipokuwa namwogesha nilianza kuhesabu mbavu zake. Nilipofika wa nne nikaacha. Macho yakaniuma, moshi huu!

Lakini akili ninayo. Kinachopimwa ni mkono, basi tuushughulikie mkono. Siagi! Kupaka si kula, hata malaika wanajua. Namkanda asubuhi na jioni, mkono wa kushoto tu, ule unaopimwa. Wa kulia wa nini? Ni kupoteza siagi.

Paka anatufuata kila tuendako.

Jumatatu, Megabiti 16

Siku hizi Getnet akiamka tu, huyo, kwa Zenebech. Anarudi kidevu kikiwa cha njano. Nikaenda kuuliza kulikoni. Zenebech akasema ana kopo kuukuu la nyanya, anawapikia watoto uani, mbali na vyombo vya mfungo. Akaniambia, mwenzangu, kopo halina dini.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwanamke mzima anapikia kwenye kopo! Nikasahau kuuliza anapika nini.

Mkono umeanza kujaa. Siagi hiyo!

Jumanne, Megabiti 24

Nilitangulia kufika kuliko wote. Tirunesh akazungusha utepe, mimi nimefumba macho, namwita Mariamu. Kijani! Umepita njano kwa upana wa punje ya tefu, lakini kijani ni kijani! Nikapiga vigelegele mpaka punda akakata kamba.

Nikawafundisha wanawake habari ya siagi. Wawili walikuwa wananisikiliza vizuri kabisa, ndipo Zenebech akadakia: mama Getnet, mwanao kala mayai yangu kumi na moja, siagi yako imemnenepesha paka! Watu wakaangua kicheko. Wivu mbaya jamani.

Tirunesh hakucheka. Akaniangalia, akamwangalia Getnet, akatoa mkobani sufuria ndogo mpya. Kasema aliyopata ni hiyo moja tu, na ni ya yai la Getnet, kila siku, mfungo wote, mama mkwe asiiguse.

Sufuria! Mbele ya watu wote! Zenebech hakupewa hata mfuniko.

Jumatano, Megabiti 25

Nimeitundika ukutani, chini kidogo ya Bikira Mariamu. Inang'aa hadi mlangoni. Wamekuja majirani sita kuitazama, na mama mkwe mwenyewe kasema ni ya heshima. Nipikie yai humo? Niitie masizi tuzo ya mwanangu? Labda baada ya Pasaka.

Getnet kainyooshea mikono, analia. Nikambusu, nikamweleza kwamba hiyo ni ya kutazama, baba. Akanitazama mimi, akaitazama sufuria, akashika njia ya kwa Zenebech.

Nimemwacha aende. Miguu ina nguvu siku hizi, leo naanza kuipaka nayo siagi. Na Zenebech namhurumia, simfichi Mungu. Mpaka leo anapikia kwenye kopo.