Mkebe wa Kumi na Sita

Jumatano, 14 Machi 1979

Filamu imefika kwa basi kutoka Iringa. Mikebe kumi na sita, yote imelowa. Nakala ni moja tu: wakimaliza wa Iringa, tunaonyesha sisi.

Nimekwenda kwa Taraben, mama yake Bwana Arvind mwenye ukumbi wetu. Kihindi changu ni maneno arobaini, mengi matusi. Bibi husimulia akichagua mawe kwenye dengu, mimi naandika, kisha Jumapili nasimama kando ya kitambaa cha filamu na bomba langu la bati la kupazia sauti, nawatafsiria watu. Mbeya nzima inaamini nilisoma Bombei. Sijawahi kuvuka Nyololo, hapo njia ya Iringa.

Hadithi yenyewe: askari anakwenda vitani, mchumba anamngoja. Rafiki wa askari, karani, mtu mpole, anampenda mchumba huyo kimyakimya. Mwishoni askari anarudi. Harusi! Karani anashika kamba ya farasi wa bwana harusi!

Nikamuuliza bibi kama ana hakika. Akasema ameiona mara nne.

Ijumaa, 16 Machi

Sijalala vizuri kwa sababu ya yule farasi.

Danieli, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, yuko vitani Uganda. Roza, mchumba wake, anashona kwa fundi hapa Ilomba. Barua ya mwisho ilikuja Januari. Nimempelekea Roza kilo nzima ya sukari, mwaka huu ambao watu wanapigania kijiko. Akasema, asante shemeji Fanueli, Danieli akirudi nitamwambia. Shemeji!

Nimefikiri sana juu ya hadithi. Katikati hakuna anayekukumbuka. Mtu hutoka ukumbini na mwisho, hula nao, hulala nao. Mwenye mkebe wa mwisho ndiye mwenye watu.

Kwa hiyo mkebe wa kumi na sita uko chini ya kitanda changu.

Nimemwambia Bwana Arvind umedondoka Nyololo. Akashika kichwa. Nikasema asihofu, nitausimulia kwa mdomo. Akanishukuru hadi nikaona aibu, dakika mbili hivi. Isakwisa, mkata tiketi, akadai alipokea mikebe kumi na sita kwa mkono wake. Nikamwambia akahesabu tiketi zake.

Jumapili, 18 Machi

Shoo ya saa nane. Ukumbi umefurika. Roza safu ya tatu, pembeni yake Mama Danieli.

Mkebe wa kumi na tano ukaisha. Kitambaa kikabaki cheupe. Nikasimama mbele, nikamuua askari. Kando ya mto, taratibu, jina la mchumba mdomoni. Kabla ya kukata roho akamwomba karani amtunze yule binti.

Ukumbi ulilia. Si kile kilio cha filamu. Kumbe wamo kina mama wengi wenye watoto vitani, sikuwa nimelifikiria hilo. Mama Danieli alitolewa nje akishikwa makwapani. Roza hakulia. Alinikazia macho. Nadhani ni mapenzi.

Kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Jumatatu, 19 Machi

Nimekwenda kumwona nimevaa shati jipya. Roza amenyoa kipara.

Amehamia kwa Mama Danieli, wamekaa sakafuni tangu jana kama wafiwa. Mama hali, anasema ile ilikuwa ishara. Roza akanifuata uani, akaniuliza polepole: shemeji, mwisho ule ni wa kweli?

Hapo nilikuwa na nafasi. Najua nilikuwa nayo. Nikasema Taraben ameiona mara nne.

Alhamisi, 22 Machi

Isakwisa alikuja kwangu kuazima pasi. Eti anaitafuta chini ya kitanda! Akatoka na mkebe.

Bwana Arvind hakufoka. Alinyoosha mkono, nikampa bomba la bati. Sina kazi. Taraben alikuwa kwenye dengu zake, na kwa mara ya kwanza hakunikaribisha chai.

Jumapili, 25 Machi

Wameonyesha mkebe wa mwisho bure. Mtafsiri: Isakwisa! Kwa bomba langu!

Hana ufundi wowote. Askari alipotokea njiani, alisema tu, amerudi, jamani, amerudi. Ukumbi ulilipuka. Mama Danieli alicheza kati ya viti, siku ya saba bila kula. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa. Roza alipita mbele yangu na kipara chake, akasema atamngoja Danieli hata miaka kumi. Hakuniita shemeji.

Jumanne, 3 Aprili

Mvua. Gari la serikali lilisimama, wanaume wawili wakaniuliza kwa Mama Danieli. Mmoja alikuwa na bahasha. Niliwapeleka. Sijawahi kutembea polepole hivyo.

Njiani wakaniambia: Danieli alikufa tarehe 26 Februari. Kabla ya filamu, kabla ya sukari. Kumbe mwisho wangu ulikuwa wa kweli. Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi. Kisha nikakumbuka aliniazima viatu vyake siku ya usaili, akarudi nyumbani pekupeku. Nililia palepale barabarani.

Mama Danieli aliponiona mlangoni pamoja nao, akafunga mlango. Roza akawauliza wale mabwana kupitia dirisha kama ni mimi niliyewatuma. Akasema wamwambie Fanueli arudishe na mkebe huu pia. Wakatazamana, hawakuelewa.

Jumamosi, 7 Aprili

Hakuna msiba. Majirani waliokuja kuhani wamerudishwa. Kila siku basi la Iringa likifika, Roza yuko stendi na koti la Danieli mkononi, anaangalia kila anayeshuka. Nywele zimeanza kuota.

Leo nilimfuata nikamwambia ukweli mtupu, kwamba Danieli amekufa kweli, machozi yananitoka. Akacheka. Akaniuliza huo ni mkebe wa ngapi.

Nimerudi nyumbani nimevunjika. Hata hivyo, baada ya chai nimepata wazo. Danieli aandike barua! Aseme amepata mke Bukoba, wasimngoje. Roza atakasirika, atalia, ataacha kwenda stendi, na kwa kulia huko atahitaji mtu wa karibu. Mwandiko wa Danieli naujua, tulikaa dawati moja.

Nimeanza: "Mpenzi Roza, mimi ni mzima wa afya njema." Niliitazama sentensi hiyo muda mrefu. Ni sentensi nzuri kuliko zote nilizoandika, na mkono ulikataa kuendelea.

Sasa umekubali. Tatizo limebaki moja, muhuri wa posta ya Bukoba. Isakwisa ana binamu yake posta. Nitamwomba.