Kiputo Ndani ya Jicho la Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Mume wangu karudi kutoka hospitali. Pazia la nyuma ya jicho lilibanduka mara ya pili, likajikunja kwa makovu. Daktari kayachuna makovu kwa kikoleo chembamba kama mguu wa mbu, kalibandika pazia kwa mwanga wa leza, kisha kajaza gesi. Gesi, ndani ya jicho! Nikauliza inaingilia wapi, inatokea wapi. Daktari kacheka. Kasema kiputo hupanda juu, kwa hiyo alale kifudifudi siku saba, kiputo kilikandamize pazia. Akilala chali, jicho linaweza kupotea. Na ndilo analovalia lenzi ya kutengenezea saa! Fundi saa bila jicho hilo ni nani?

Jumanne, 5 Machi
Nina akili mimi! Nimekata tundu kwenye godoro, nikang'oa na chaga moja, uso upumulie humo. Raha mustarehe. Kisha akapiga chafya. Kichwa kikazama mpaka masikioni, kikakwama! Wifi yangu akavuta miguu, mimi nikasukuma paji la uso toka uvunguni. Wifi kauliza shule niliyosoma ilikuwa na paa au haikuwa nalo. Mume wangu kacheka humohumo tunduni. Msaliti.

Alhamisi, 7 Machi
Natoka kufua, namkuta wifi kamlaza kaka yake chali, anamnywesha uji! Eti mtu hali kama kuku. Nikapiga kelele mpaka mtoto wetu mchanga akalia. Nikachukua chupa ya maji isiyojaa, nikaigeuza: tazama, wifi, hewa inakimbilia juu. Akasema jicho si chupa. Akaigeuza mwenyewe. Mara mbili. Mara tano. Akampindua kaka yake taratibu, kama yai.

Jumamosi, 9 Machi
Shingo inamuuma, kakata tamaa, anataka kuinuka. Nikamlaza mtoto uvunguni, chini ya tundu. Wakatazamana! Kwa muda wa saa mbili mume wangu hakusogea. Jicho zima linamwona mtoto. Lile jingine, anasema, linaona duara linalotikisika. Nikauliza rangi yake. Ukubwa wake. Kajifanya kasinzia. Wifi anawaambia majirani wazo lilikuwa lake.

Jumatatu, 11 Machi
Pazia limeshika! Nimelia mbele ya daktari bila haya. Kasema sasa alale ubavu wa kushoto tu, mpaka kiputo kiishe. Kisha kanisihi: mama, tafadhali, usibuni kitu kingine. Nikaitikia sawa, daktari.
Nimeshona vifuniko viwili vya sufuria mgongoni mwa fulana ya mume wangu. Wifi kanitungia uzi. Ajaribu kupinduka chali aone.