Chai Nzito kwa Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha asubuhi. Mkurugenzi mpya ametangaza kwamba Mkuu wa Wasahihishaji atapatikana Ijumaa. Wagombea wawili. Mimi, mwenye miaka kumi na tisa ya kunyofoa makosa katika vitabu vya watu. Na Nukta, mwenye miaka minne, aliyepachikwa jina hilo kwa sababu kila akimaliza kusema hutamka "nukta", kana kwamba sisi hatusikii kuwa amenyamaza.

Usaili ni ofisini kwa Mkurugenzi, mama mpenda chai, mezani, kwa chai. Anadai mtu hujulikana kwa chai anayoichagua na anavyoitengeneza. Kila mmoja aje na yake. Ana mabirika matano, yamepangwa rafuni kama vikombe vya ubingwa.

Mimi chai sijaitia mdomoni tangu shule ya bweni, ilipokuwa ikiletwa kwa ndoo ya kudekia. Mimi ni mtu wa kahawa. Sasa cheo changu kinaamuliwa na majani. Watu wamepindua serikali kwa dharau ndogo kuliko hii.

Nukta aliniuliza kwa upole kama mzee wetu angependa afundishwe kushika kikombe. Nukta.

Nitajifunza chai. Siku nne zinanitosha na chenji inabaki.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda duka la majani ya chai baada ya kazi. Makopo hadi darini. Muuzaji, dada mmoja mwenye aproni, aliniuliza kama ndiyo naanza. Nikamwambia nimesahihisha kamusi mbili. Akasema hongera, lakini kwenye chai je?

Akanishauri kama anayemshauri mgonjwa. Anayeanza achukue chai nyeusi ya kawaida, kidogo tu. Anuse kwanza. Akiizoea, ajaribu ya kijani, kisha nyingine, moja moja. Eti hakuna haraka. Haraka anayo nani kama si mimi?

Nilimwuliza ipi ni ngumu kuliko zote, ambayo hakuna limbukeni anayeigusa. Akanyooshea kidole rafu ya juu kabisa, kwenye chai iliyokaushwa kwa moshi wa kuni. Akasema hiyo hapana, baba, ukianza na hiyo utaichukia chai maisha yako yote. Nimechukua kopo la robo kilo.

Nimeipika nyumbani. Mke wangu alizima umeme akidhani waya unaungua. Jirani alibisha hodi kuuliza tunachoma nini. Nilikunywa vikombe vitatu nikiwa nimenyooka. Ni kama kulamba masizi ya jiko. Mke wangu aliniuliza, baba watoto, kuna mtu amekulazimisha? Nilipangusa macho. Machozi yalikuwa ya moshi.

Jumatano, 5 Juni

Nimerudi dukani kulalamika. Dada wa aproni hakucheka, ila alijigeuza akapanga makopo ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Alinipa kipakiti cha chai ya kijani na karatasi ya maelezo: maji yasichemke, majani yakae dakika mbili, yatolewe. Dakika mbili! Mimi yai lenyewe nalichemsha dakika kumi. Nimeyachemsha robo saa ili yaive. Uchungu wake ni wa dawa ya minyoo.

Mke wangu akachukua majani yaleyale, akafuata karatasi neno kwa neno, akanywa, akafumba macho, akajiongezea. Aliniambia ni tamu, nijaribu. Nimemwambia katika nyumba hii kuna mtu anatafuta cheo na kuna mtu anastarehe. Akasema ni kweli, na akamimina cha tatu.

Kazini Nukta alininusa shati akauliza kama nimeanza kubanika samaki. Ofisi nzima ikacheka, hata wa mapokezi, niliyemsahihishia barua ya uchumba. Shukrani ya punda. Kisha nikamwona Nukta akitoka kwa Mkurugenzi akipangusa midomo. Ameonjeshwa. Wamekwishaanza bila mimi. Huo ni upendeleo mchana kweupe, na mimi si mtu wa kunyamazia upendeleo. Ni mtu wa kuudai.

Jumanne, nilipokuwa nalia, nilimsikia mke wangu akimwambia jirani kwamba chai kama hii inahitaji anayeijua. Basi anayeijua ni nani? Mkurugenzi. Nitampelekea kopo la moshi mapema, peke yake, kabla ya wengine kuchafua ulimi wake na majimaji yao.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwandikia barua. Nimeisoma mara nne. Hakuna koma iliyokaa vibaya. Nainakili hapa kwa ajili ya vizazi:

"Mheshimiwa Mkurugenzi, kuhusu usaili wa kesho, nina chai yako. Ni nzito, si ile ya kawaida mliyozoea kupewa. Naomba tuonane faragha kabla ya wengine kufika. Tafadhali wasahihishaji wenzangu wasijue. Ukiridhika, nyingine ipo."

Nimempa katibu muhtasi wake mkononi. Aliisoma mbele yangu, akaniangalia, akaisoma tena. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia binti, kila neno hapo limepimwa.

Ijumaa, 7 Juni

Sijaitwa kwenye usaili. Nimeitwa kwenye kamati ya nidhamu.

Watu watatu, Mkurugenzi katikati, barua yangu ndani ya mfuko wa plastiki kama kisu cha muuaji. Mhasibu aliniuliza hiyo chai ni kiasi gani. Nikasema robo kilo. Akaandika. Akauliza nani mwingine nimempa. Nikasema jirani, lakini alikataa. Akauliza mke wangu anajua? Nikasema anajua sana, na yake anapenda nyepesi. Akaandika hayo pia, akayapigia mstari.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wameniita mtoa rushwa. Mimi! Nilisimama nikawahutubia kuhusu lugha iliyochukua kinywaji cha watu waungwana ikakivisha sare ya mwizi. Kosa si langu, ni la wazungumzaji wote. Nikafungua mkoba, nikaliweka kopo mezani, mlinzi wa mlangoni akiwa shahidi. Mhasibu alilinusa akarudi nyuma na kiti chake.

Mkurugenzi aliniamuru niitengeneze, ijulikane ni chai kweli. Niliichemsha robo saa katika mojawapo ya yale mabirika matano. Walionja wote watatu. Kamati imeridhika kuwa sikukusudia kumfurahisha mtu yeyote. Nimefutiwa shtaka la rushwa.

Ila cheo amepewa Nukta. Mama yule alisema hawezi kumkabidhi kazi ya kuwinda maneno yenye maana mbili mtu aliyemwandikia barua ile. Nikamwuliza Nukta alikuja na chai gani. Nyeusi ya kawaida, akasema, kidogo tu, dakika tatu. Chai ya limbukeni!

Nimerudishiwa barua yangu. Nukta ameipitia kwa kalamu nyekundu. Amezungushia neno "chai" na pembeni ameandika "utata". Nimekaa nalo hilo neno hadi ofisi ikafungwa. Miaka kumi na tisa, na mwandiko mwekundu ni wake.

Jumatatu, 10 Juni

Nukta ameingia ofisi yake mpya. Anatafuta msaidizi. Ni mimi au yule mgeni wa meza ya pembeni, asiyejua hata kutofautisha "ghali" na "gharama".

Nimetuliza hasira, nimetafakari. Nimenunua chupa ya asali, kwani Nukta husifia asali katika kila kikao cha Jumatatu. Barua nimeisoma mara kumi. Neno chai halimo popote, wala robo kilo, wala moshi. Safari hii atafute utata mpaka kalamu imwishie wino:

"Mkuu, kuhusu ile nafasi ya msaidizi, nimekuletea kitu kidogo. Tuonane faragha."