Uzinduzi wa Albamu ya Kwanza ya Sindano na Randa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye kwa leo ni mimi, wakuu wa idara, wasaidizi wao, na wanaokaimu nafasi za wasaidizi wao, Mchungaji wetu na wazee wa kanisa, wanakwaya, wadau wa sanaa, maadili na maendeleo endelevu, mabibi na mabwana mlioketi, na ninyi mliosimama pale mlangoni kwa sababu viti vya mbele tumevihifadhi kwa wageni ambao hawakufika: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nimesimama hapa, mimi Mkurugenzi wa Sanaa, Maadili na Masuala Mtambuka, kifua mbele, kuzindua albamu ya kwanza ya kundi letu la watu wawili, Sindano na Randa, yaani huyu mama fundi cherehani na huyu shemeji yake, seremala mpiga gitaa, ambao kwa miaka tisa wamekuwa wakimwimbia Mungu na, kwa bahati mbaya, wakimtajia pia mambo ya ofisi yetu. (Vicheko.) Nani asiyeujua wimbo wa “Bwana, Njoo na Ndoo”, unaohusu bomba la mtaa wetu? Au “Malaika Kapanga Foleni”, ambapo malaika anafika dirisha la zahanati akaambiwa dawa zimekwisha, arudi Jumanne? Mimi binafsi niliusikia nikiwa garini, nikapandisha vioo, lakini kichwa nilitikisa. (Vigelegele.)

Sasa basi. Barua yao ilipofika mezani kwangu niliipa kipaumbele, na leo naisoma neno kwa neno maana sisi ni watu wa uwazi: “Mheshimiwa, tunakusalimu katika jina la Bwana. Tunaomba ofisi itusaidie kutoa albamu yetu ya kwanza kabla ya Jumatatu ya tarehe kumi na nne, siku nitakayopasuliwa koo mimi fundi cherehani, kwani daktari amesema sauti yangu huenda isirudi, nami nina binti wa miaka mitatu ambaye halali mpaka nimwimbie.” Jumatatu hiyo, ndugu zangu, ni keshokutwa. Kwa hiyo mnaona wenyewe kwamba tumemaliza kabla ya wakati!

Ofisi haikulala. Tuliunda kamati ya wajumbe kumi na saba, tukawafanyia kapasiti bildingi ya siku tano ili wawe na fokasi, tukaandaa rodimapu, tukaketi vikao kumi na kimoja kuhusu rangi ya jalada pekee, na hatimaye wasanii wakaitwa studio, ile ya kona karibu na duka la vioo, wakaimba nyimbo zote tisa mfululizo mbele ya mtaalamu wetu, mama huyu akivuja jasho na kushika koo lake, mpaka mtaalamu mwenyewe akafuta machozi akamwambia, “Mama, rudia pale unapoinua mkono, mwanga haukukaa vizuri.” (Minong'ono.)

Msiwe na haraka, jamani. Albamu yenyewe hii hapa! (Anaondoa kitambaa mezani. Makofi machache, yanakatika.) Jalada gumu la zambarau, kurasa arobaini, na karatasi laini juu ya kila picha ili vidole visichafue. Ukurasa wa kwanza ni mimi. Wa pili ni mimi na kamati. Wa tatu mpaka wa thelathini na moja ni kamati ikitafakari. Kuanzia hapo ni wasanii, midomo wazi, na ukimtazama mama vizuri unaona kabisa kwamba hapa anasema “ndoo”. Utafiti wetu wa ndani unaonyesha kuridhika kwa asilimia mia moja na kumi na nne, na impakti bado inapanda.

(Sauti kutoka nyuma: “Inapigwa kwenye nini hiyo?”)

Nani huyo? Albamu haipigwi, mzee wangu, albamu inafunuliwa. Hata kwako ipo, ya harusi.

(Seremala anasimama: “Mheshimiwa, sauti. Sauti ya shemeji yangu iko wapi?”)

Kaa, ndugu yangu, kaa. Ofisi iliombwa albamu, ofisi imetoa albamu, na neno “kurekodi” halimo kwenye barua, nimelitafuta mwenyewe kwa miwani.

(Fundi cherehani, kwa sauti ya kukwaruza: “Na kile kipaza sauti?”)

Kile, mama yangu, tulikiazima ili picha ipendeze. Hata waya hakina.

(Kelele: “Aibu!” “Jamani, keshokutwa!” Mchungaji anajishika kichwa.)

Asanteni kwa hamasa hiyo. Naomba nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru fundi mitambo, ambaye tutamwajiri. Naishukuru studio ya kurekodia muziki, ambayo itajengwa katika awamu ya pili, mara tu awamu ya kwanza itakapobuniwa. Naushukuru kwa namna ya pekee Mradi wa Sauti za Injili, ambao nimeuandika kwenye ripoti nne kuwa umekamilika, na ambao, kwa ushirikiano wenu, siku moja utaanza. Nikisema Albamu, mnasema Juu! Albamu! (Kimya.) Sanaa na maadili! (Dereva wake peke yake: “Juu!”)

(Seremala anachukua gitaa. Fundi cherehani anainuka, anavua skafu shingoni, anaanza kuimba.)

Mama, hilo halimo kwenye ratiba. Mama! Haya, ubeti mmoja tu. (Anaimba wa pili, wa tatu. Sauti inakwaruza, inatetemeka, inapanda. Ukumbi mzima unasimama, simu zinainuliwa moja baada ya nyingine.) Ahaa, asanteni, asanteni sana, naona sasa mmenielewa, pigeni tu, mimi hutoka vizuri zaidi kwa upande wa kushoto. Lakini mbona mmegeukia kule? Mimi niko huku, ndugu zangu! Niko huku!

(Watu kwa pamoja: “Shhh! Tunarekodi! Nyamaza, Mheshimiwa, utaingia kwenye wimbo!”)

Mimi? Ubeti wa ngapi?